Wale Waliletwa

Nilipokuwa na miaka 19 nilipewa kazi ya watu wazima. Binamu yangu, binti wa mjomba, alikuwa ameletewa posa. Kijana mwenyewe alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, anasali, hana makundi, na binamu yangu alikuwa akimpenda, ingawa hilo halikusemwa mbele ya wazee. Bibi akaniambia nifuatane na shangazi kwenda kijijini kwao, kusini ya Wete, tukaulize. Kwetu Pemba posa haijibiwi kabla ya kuuliza.

Tulikaribishwa na mama mmoja aliyekuwa akichambua karafuu uani kwake, juu ya jamvi, makonyo upande huu na karafuu upande huu. Shangazi alianza mbali, kama ilivyo ada: mvua, mchumo wa mwaka ule, nani kafa, nani kazaa. Halafu akaulizia watu wa yule kijana. Mama yule hakuacha kuchambua. "Watu wema," alisema. "Hawana shari na mtu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila wale waliletwa."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Tulikunywa chai, tukaaga. Njiani hakuna aliyesema kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kusema. Tulipofika nyumbani Bibi aliniuliza mimi kwanza, pengine kunipima kama nimekua, nami nikajibu kwa neno lilelile nililolisikia: "Waliletwa." Posa ikarudishwa kwa heshima zote. Si kufu yetu. Binamu yangu alikaa chumbani siku tatu, na mwaka uliofuata akaolewa kwengine. Mimi nikaenda chuo.

Nimelifikiria sana neno lile tangu hapo. Kwa sarufi, ni kitendo kisichotaja mtendaji. Waliletwa na nani? Kutoka wapi? Kwa kazi gani? Neno halisemi, na kila Mpemba anayelisikia anajua.

*

Miaka michache baadaye, nikiwa katika shahada ya uzamili ya historia, mhadhiri wetu aliingia darasani na swali moja: je, jamii nzima inaweza kukosea katika maadili yake? Hakuuliza kama mtu mmoja anaweza kukosea, maana hilo halina ubishi. Aliuliza kama kaumu nzima, na mila zake, dini yake, mahakama zake na wazee wake, inaweza kuamini kwamba jambo ni halali na likawa ovu.

Wengi wetu tulisema haiwezi, au tuseme haina maana kuuliza. Kila zama zina mizani yake. Mmoja wetu alimtaja Ruth Benedict, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1934 kwamba tunachokiita maadili ni jina zuri tu la mazoea yaliyokubaliwa na jamii. Nami nilinyanyua mkono nikasema kwamba hatuwezi kuwahukumu watu wa Pemba wa mwaka 1890 kwa mizani ya leo.

Sisemi kwamba tulikuwa wajinga. Nyuma ya jibu letu palikuwa na jambo la haki kabisa. Sisi ni wajukuu wa watu waliohukumiwa na wageni. Mkoloni alikuja na neno "ustaarabu" mkononi, akatazama ngoma zetu, ndoa zetu na vyakula vyetu, akaandika alama za kufeli, kisha akatumia alama hizo kutwaa ardhi na kutoza kodi. Mtu aliyelelewa na historia hiyo huogopa kusema "mila ile ilikuwa mbaya," kwa sababu anajua sentensi kama hiyo ilitumika kwa kazi gani. Woga huo ni wa heshima. Lakini nilipoanza kuandika tasnifu yangu kuhusu maisha ya walioachwa huru Pemba baada ya 1897, niliona kwamba kwa kumkwepa mkoloni tulikuwa tumemsahau mtu mwengine.

*

Utumwa wa Pemba tulioukuta katika masimulizi si wa kale sana. Biashara ya watu katika pwani hii ni ya karne nyingi, lakini kilichoijaza Pemba watumwa ni karafuu. Zao hilo lilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi za Seyyid Said. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu yake mingi. Pemba haikuumia vile. Bei ikapanda, na wenye mitaji wakageukia vilima vyetu, kwenye mvua nyingi na udongo unaoupenda mkarafuu. Mikarafuu ilitaka mikono: kulima chini yake, kupanda juu msimu ukifika, kuchuma, kuchambua, kuanika, kuzoa haraka mvua ikitanda.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini mjini Unguja likafungwa. Kwa hiyo haja ya mikono Pemba ilikua wakati uleule njia halali ya kuipata ilipozibwa. Kilichofuata ni magendo. Pemba iko karibu na Mrima, ina vihori na mikoko isiyohesabika, na jahazi linaweza kuvuka usiku mmoja. Manowari za Kiingereza zilizunguka kuyawinda majahazi hayo. Mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba akipambana na jahazi lililobeba watumwa. Njaa ilipoupiga ukanda wa pwani ya bara mwaka 1884, wapo waliowauza jamaa zao ili wote wasife. Wengi wa waliofika katika miaka hiyo walikuwa watoto.

Lugha yetu imehifadhi ngazi zao. Aliyeletwa karibuni, asiyejua Kiswahili wala adabu za pwani, aliitwa mjinga. Aliyezaliwa hapa aliitwa mzalia. Waliotumikia bwana mmoja waliitana wajoli. Mwanamke aliyechukuliwa na bwana wake kuwa kama mke alikuwa suria. Aliyekimbia ni mtoro. Na juu ya wote alikaa mwungwana, neno ambalo hadi leo lina maana mbili kwa pamoja, mtu huru na mtu mwenye tabia njema. Chuo kizima cha maadili kimo ndani ya neno hilo: wema ulikuwa na nasaba.

Katika majalada ya mahakama na mirathi niliyoyasoma kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, majina ya watumwa unayajua kabla hujafika kwenye safu inayoeleza hali zao. Mabruki. Feruzi. Almasi. Majina ya baraka na vito, ambayo mtu hupewa na anayemmiliki. Jina la kwao, alilopewa na mama yake, halimo.

*

Nilipoanza kusoma nilitarajia kukuta madhalimu, watu waliojua wanatenda uovu na wakautenda. Ingekuwa rahisi zaidi. Nilichokikuta ni watu waliokuwa na maadili.

Sheria waliyoifuata ilikuwa na mengi ya kusema. Muislamu huru hafanywi mtumwa. Mtumwa hulishwa na kuvishwa. Suria akizaa na bwana wake, mtoto ni huru na nasaba yake ni ya baba, sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Barghash mwenyewe alizaliwa na suria, na dada yake Salme vilevile. Kumwacha mtumwa huru ni kafara ya makosa kadhaa, na ni katika mambo makubwa ya thawabu. Mashambani ilikuwa kawaida mtumwa kumfanyia bwana wake kazi siku tano, akabakiwa na Alkhamisi na Ijumaa kulima kiwanja chake. Mabwana waliwaita watumwa "watoto" zao. Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuitwa Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba utumwa wa kwao usifananishwe na ule wa Marekani. Alikuwa mkweli. Hakuwa akitetea jambo analoliona baya.

Katika wasia, mara kwa mara, utaona mtu anayekaribia kufa akiwaachia huru watumwa wake kwa ajili ya radhi za Mungu. Nilikaa na wasia wa namna hiyo kwa muda mrefu mchana mmoja. Nilidhani nimepata ushahidi wangu: mtu huyu moyoni alijua. Kama kumwacha mtumwa huru ni wema mkubwa kiasi cha kumfaa mtu kaburini, basi kumshika miaka thelathini kulikuwa nini?

Lakini hoja hiyo haisimami kirahisi hivyo, na msimamizi wangu alinionesha. Sadaka pia ni thawabu, alisema, na mtu huacha sehemu ya mali yake kwa maskini anapokufa. Haina maana kwamba kumiliki mali ni dhambi. Jambo linaweza kuwa jema kulitoa bila ya kuwa baya kulishika. Alikuwa sahihi. Tofauti niliiona baadaye, nami ni aibu kwamba ilinichukua wiki nzima kuiona: shilingi haijali iko mfukoni mwa nani. Hoja ya msimamizi wangu inafanya kazi ukikubali kwanza kwamba mtu ni mali, na hilo ndilo lililokuwa likiulizwa.

Na hata kwa kanuni zao wenyewe, hesabu haikukubali. Sheria iliyowaruhusu kumiliki watu iliweka masharti ya namna mtu anavyoweza kuingia utumwani. Mtoto aliyetekwa njiani au aliyeuzwa na mjomba wake wakati wa njaa hakuyatimiza. Wanunuzi wa Pemba hawakuuliza. Watu waliouliza nasaba ya mchumba hadi babu wa saba hawakuuliza mtoto huyu amepatikanaje.

*

Kisha wakaja waliosema ni kosa. Tarehe 6 Aprili 1897, miezi michache baada ya manowari za Kiingereza kulipiga kasri la Unguja na Seyyid Hamoud bin Mohammed kuwekwa katika kiti, ilitolewa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba.

Ukiisoma amri hiyo, unaanza kuelewa kwa nini darasa letu liliogopa kuhukumu. Haikuwaacha watu huru. Ilisema kwamba mahakama haitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa, na mtumwa anayetaka uhuru aende mwenyewe akaombe. Akipewa, alitakiwa aoneshe kwamba ana makazi na njia ya kuishi, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Alipaswa kulipa kodi na kufanya kazi za serikali. Bwana, aliyepoteza haki, alilipwa fidia. Mtumwa, aliyepoteza maisha yake, hakulipwa. Hiyo haikuwa mara ya kwanza: Uingereza ilipoondoa utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilitenga pauni milioni 20, na zote zilikwenda kwa wamiliki.

Na masuria waliachwa nje. Amri iliwahesabu kama wake. Ilisema wabaki walipo, isipokuwa suria anayeweza kuthibitisha ukatili. Ilibidi wasubiri hadi mwaka 1909. Konseli Arthur Hardinge na wenzake waliogopa mashamba kuanguka, mapato ya serikali kupungua na nyumba za wakubwa kuvurugika. Serikali ilikuwa ikichukua robo ya karafuu kama kodi. Maadili ya mgeni nayo yalikuwa na hesabu yake.

Kwa hiyo nilikuwa na wamiliki waliojiona wema na wakombozi waliokuwa wakihesabu karafuu. Ukisimama hapo tu, utasema kila mtu ana mizani yake, na utafunga daftari. Mimi nilikaribia kulifunga.

*

Kilichonizuia ni swali dogo ambalo ningepaswa kuliuliza darasani siku ile: tunaposema "watu wa Pemba wa mwaka 1890 waliamini utumwa ni halali," tunamhesabu nani?

Sehemu kubwa ya watu wa Pemba wa mwaka 1890 walikuwa watumwa. Walilima hapa, walizaa hapa, walizikwa hapa. Kama mila ni mawazo ya watu wa mahali, mawazo ya Mabruki na Feruzi yanaingia wapi? Hawakuacha vitabu. Waliacha vitendo. Walikimbia, hata kabla mahakama haijawapa ruhusa. Baada ya 1897 wapo waliokwenda mahakamani, wapo waliohamia kwa wamisionari wa Kikweka walioanzisha makazi Banani, karibu na Chake Chake, na wapo wengi zaidi ambao hawakwenda kokote ila walikaa palepale na kuanza kubishana na mabwana kuhusu siku za kazi, ujira, na nani mwenye mihogo iliyopandwa chini ya mikarafuu. Mwanahistoria Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu utumwa na ukombozi Pemba, anaonesha jinsi watu hao walivyolichukua hata neno "heshima" lenyewe. Kwa mabwana lilikuwa na maana ya ukubwa wa nasaba. Wao walilivuta mpaka likawa mwenendo: mtu anayelipa deni lake, anayesali na jirani zake, anayetimiza neno lake. Hawakufundishwa maana hiyo na Mwingereza.

Kwa hiyo hukumu dhidi ya utumwa haikuletwa na meli. Ilikuwepo mashambani tangu siku ya kwanza, katika vichwa vya watu ambao maoni yao hayakuhesabiwa kuwa maoni ya jamii. Hata Ugiriki ya kale ilikuwa hivyo. Aristotle, aliyeandika kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile, alikiri katika maandishi yaleyale kwamba walikuwepo waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile. Sikumbuki mtu yeyote katika darasa letu aliyesema hivyo. Tulizungumza kama kwamba zama nzima ina mdomo mmoja, na mdomo huo, ajabu, ni wa mwenye shamba.

Hapo ndipo nilipobadili jibu langu. Ndiyo, imani ya jamii inaweza kuwa na kosa, na namna moja ya kulijua kosa hilo haihitaji mizani ya mgeni wala ya leo. Wazee wetu wanasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hakuna mwungwana wa Pemba ambaye angekubali kubadilishana nafasi na mjinga aliyeshuka jahazini jana usiku. Walilijua hilo vizuri. Ndiyo maana "mtumwa" lilikuwa tusi. Mtu hawezi kusema hali fulani ni makazi ya kifamilia, yenye upole na ulezi, kisha akaitumia jina lake kumtukania jirani.

*

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu Zanzibar inajua ubaya wa mtu aliye sahihi kupita mipaka. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, wakubwa wapya waliuona ubaguzi wa ndoa na nasaba kuwa ni uovu, na walikuwa na haki. Kisha mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walichukuliwa kwa nguvu na kuozeshwa watu wa Baraza la Mapinduzi, kwa jina la kuvunja ubaguzi huohuo. Walikuwa sahihi kuhusu kosa, na wakatenda kosa jengine juu ya miili ya wasichana ambao hawakuulizwa. Kusema kwamba imani fulani ni mbaya hakumpi mtu ruhusa ya kila kitu. Hayo ni maswali mawili, na woga wa la pili ndio unaotufanya tulikimbie la kwanza.

Kuna na swali la tatu, la lawama. Hilo ndilo lililonipeleka nyumbani.

*

Katika aila yetu kuna jambo tunalolijua sote na halihesabiwi. Bibi wa bibi yangu alikuwa suria. Aliletwa mdogo kutoka bara. Wengine husema Unyasa. Alimzalia bwana wake watoto, na kwa kuwa nasaba ni ya baba, watoto wakawa waungwana na sisi tuliotoka kwao tukawa watu wa kufu. Bibi alimuwahi akiwa kizee, akichambua karafuu kibarazani na kuimba kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa. Siku tuliporudisha posa ya yule mwalimu kwa sababu babu yao aliletwa, nyumba yetu nzima ilikuwa imejaa watoto wa mwanamke aliyeletwa.

Likizo iliyopita nilikaa na Bibi baada ya Alasiri. Yuko katika miaka ya themanini na macho yamepungua, lakini vidole bado vinajua kazi. Nilimuuliza kwa adabu niliyoweza.

"Bibi, wazee walikosea?"

"Wazee gani?"

"Waliokuwa na watumwa."

Hakukasirika. Aliendelea na karafuu zake. "Mwanangu, wakati ule watu walikuwa hawajui. Ndivyo walivyowakuta wazee wao."

"Na bibi yako? Yeye naye alikuwa hajui?"

Vidole vilisimama. Kuku walipita. Nilidhani sitajibiwa, na nilikuwa tayari kuomba radhi.

"Yeye alijua," alisema Bibi.

Hatukusema zaidi. Adhana ya Magharibi ilipoanza nilimsaidia kuzikusanya karafuu kwenye pakacha.

*

Nilimpigia simu binamu yangu usiku ule. Ana watoto wawili sasa na mume mzuri. Sitaki kuongopa kwamba maisha yake yaliharibika. Nilimwambia ni mimi niliyeleta lile neno. Alicheka kidogo. "Nilijua," alisema. "Ulikuwa mtoto."

Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka 19, nimeshasoma Historia Kidato cha Nne, na naweza kukutajia tarehe za mikataba yote. Nilikuwa na udhuru uleule wa wazee: ndivyo nilivyowakuta. Udhuru huo nauchukua kwa mikono miwili, kwa sababu unapunguza lawama kweli, yangu na yao. Ila haulifanyi jambo lenyewe kuwa sawa. Na kila mara kulikuwa na mtu mmoja chumbani ambaye hakuuhitaji kuelezwa ubaya wake, kwa sababu alikuwa ameulalia. Mimi sikumuuliza.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliletewa posa, na nikatumwa tena na shangazi, mara hii upande wa Mkoani. Tuliketi kwa jamaa mmoja, tukaanzia kwenye mvua na bei ya karafuu. Ilipofika zamu yangu niliuliza kama kijana anamhudumia mama yake. Niliuliza akikasirika hufanya nini. Niliuliza kama ana deni na kama hulilipa. Mwenyeji alijibu yote kwa uwazi, kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Ama kuhusu asili yao..."

"Hilo sikuja kuliuliza, mama," nilisema.

Shangazi hakuniambia kitu garini mpaka tulipoipita Mtambile. Hapo akanigeukia.

"Bibi yako atauliza."

"Akiuliza," nilimwambia, "nitamwambia niliyoyauliza."

Akatazama nje dirishani. Pembezoni mwa njia watu walikuwa wanazoa karafuu zao majamvini, maana wingu lilikuwa limeshatanda.